Shimo Lisilo Kwenye Ramani

Lac Vert, Goma, tarehe 6 Februari 2024

Kwa muke wangu Aksanti, kule Bukavu,

Nakusalimia kwa mikono miwili, ingawa mumoja umeshika kalamu. Miye niko muzima. Meno yaliyobaki bado yananiheshimu, na nguruwe wangu mukubwa amezaa, wote wanafanana na baba yao, jambo ambalo si kila nyumba hapa kwenye avenue inaweza kusema. Mama yako Louise alifika Jumapili kutoka Mapendo, akaonja sombe yangu ya majani ya muhogo, akaweka kijiko chini polepole kama mutu anayeweka maua kaburini. Halafu akanigombeza kwamba nisikuite muke kwenye barua, eti Fabiola anayetubebea hizi barua kwenye bwato la ziwani anazisoma njiani na atafikiri mambo mengine. Nikamwambia, babu asipomwita mujukuu wake muke, amwite nani? Ndivyo tulivyofanya kwetu Bushi tangu zamani. Kama Fabiola anasoma, basi na yeye namsalimia. Vitunguu vyako vya juzi, Fabiola, vilikuwa vimeoza.

Sasa neno lenyewe. Unalijua lile shimo chini ya uwanja wangu, pale penye udongo laini. Watu waliokimbia vita kwao Masisi wamejaa kuanzia Mugunga mpaka mulangoni pangu, na huku juu ni mawe matupu ya volkano, hata mbwa akitaka kulala anazunguka mara nyingi halafu anaghairi. Basi familia sita zimesimamisha hema za bashi za plastiki kwenye ubavu wa shimo. Musemaji wao ni mama mumoja anaitwa Apolline. Kwao alikuwa na ng'ombe. Sasa ana watoto watatu na sufuria, na bado anatembea kama mutu mwenye ng'ombe. Ananiita Papa Chef, kwa sababu ndiyo miye chef wa avenue, mukubwa wa mutaa, cheo kisicho na kiti.

Wiki iliyopita walikuja vijana wa ofisi ya jimbo na kopo la rangi. Wakachora musalaba mwekundu kwenye kila jiwe kubwa kuzunguka shimo. Nikauliza, "Hii ni ya nini?" Wakajibu, "Ni ya wanasayansi, muzee." Wakapanda pikipiki, wakaenda.

Haya, wewe umekulia hapa Goma. Musalaba mwekundu kwenye ukuta wa mutu unasema nini? Unasema: serikali itakuja kubomoa. Jua halijazama, watu walikuwa wameshafuta yote kwa mafuta ya taa. Mawe yakang'aa kama ya kubatizia. Miye nilishika kitambaa kidogo tu, cha kuonyesha umoja.

Halafu nasikia kwenye hiyo komisyo ya wanasayansi wanaoshauri jimbo, wewe umo. Ni kweli? Ni wewe unataka kunibomoa?

Mume wako wa kwanza,
Munguakonkwa


Bukavu, 20 Februari 2024

Mume wangu muzee, baba wa nguruwe,

Barua imefika ikinuka vitunguu. Mimi ni mzima, nyumba ninayopanga haivuji tena, na kila Jumapili naenda misa ya kwanza, umwambie Mama aache kuulizia. Fabiola anakusalimu. Anasema hajawahi kusoma barua ya mtu, na vitunguu havikuwa vimeoza.

Ndiyo, nimo kwenye komisyo. Na hakuna anayetaka kukubomoa, Babu. Sisi tuliandika kwenye shauri letu kwamba mashimo ya hatari yawekewe alama zinazoonekana mbali. Hatukuandika rangi. Ofisini mtu alikuta kopo la rangi nyekundu limebaki, basi. Lakini nakuambia ukweli: mezani tulikuwa saba, wote tumeishi Goma, na hakuna aliyekumbuka maana ya msalaba mwekundu. Niliposoma barua yako nilicheka, halafu sikucheka tena.

Kilicho ndani ya shimo ni mazuku. Ule upepo mbaya mliotukataza tusiufuate tukiwa wadogo. Ni hewa inayotoka chini ya ardhi ya volkano, haina rangi, na ni nzito kuliko hii tunayovuta, kwa hiyo inalala chini kwenye mashimo kama maji kwenye beseni. Mtu aliyesimama anaweza asihisi kitu, na mwenzake aliyeinama kuokota jembe akaanguka. Mtoto kabla ya mkubwa. Aliyelala kabla ya aliyeketi. Na haikai mahali pamoja. Msimu wa mvua, asubuhi isiyo na upepo, inapanda. Leo iko chini kabisa, siku moja itafika kwenye hema.

Tafadhali, ongea na huyo Mama Apolline. Waondoke ubavuni pa shimo kabla mvua kubwa haijaanza. Wewe wanakusikiliza. Ningekuja mwenyewe, lakini kazi ni nyingi.

Mke wako,
Aksanti


Lac Vert, 8 Machi 2024

Muke wangu mwenye kazi nyingi,

Ziwa lilikuwa na hasira, bwato halikusafiri, barua yako imekaa bandarini mpaka imepata uvivu. Huku tuko sawa. Mama yako amenunua kitenge kipya, nitakuambia kwa nini. Mvula imeanza kunyesha kidogo kidogo, kama inauliza njia.

Nilifanya ulivyosema. Nilishuka kwa Apolline na fimbo yangu na sauti ya serikali. Nikamwambia, "Mama, chini huku kuna hewa mubaya."

"Unaiona, Papa Chef?"

"Hapana."

"Unaisikia harufu?"

"Hapana."

"Basi na mimi nina ng'ombe mia hapa nyuma ya hema, hawaonekani, hawanuki. Njoo nikuuzie."

Watoto wake wakacheka. Miye pia nilicheka, ningefanya nini? Nikapanda zangu juu, nikakaa, nikafikiri. Nikaona sayansi yako ni nzuri, lakini haina uso. Kwa hiyo nimeipa uso. Nimewaambia kwamba chini kabisa ya shimo anakaa bibi kizee, volkano ya zamani ilimuchukulia mume, na tangu hapo anayeshuka kwake anamukaba koo. Nimemwekea jicho moja na kucha ndefu. Siku hiyohiyo watoto waliacha kucheza kule chini. Hata wenye mbuzi wanapita mbali. Nyiye mulichukua mwaka na kopo la rangi, miye nimetumia ulimi.

Ni kweli hema bado zipo ubavuni. Apolline anasema bibi wangu akae chini kwake, wao wako juu, etaji ya kwanza. Halafu akaniuliza, "Tukitoka hapa tuende wapi, Papa Chef? Pale juu kwako penye nafasi, pamejaa nguruwe." Hapo nilisikia nguruwe wananiita, nikaenda.

Sasa nikuulize. Juma lililopita redio ilisoma majina ya komisyo iliyompa gavana ramani ya mashimo. Mama yako alikuja kusikiliza kwangu, amevaa hicho kitenge kipya. Wamesoma majina sita. Lako halikusomwa. Tulingoja mpaka yakaja matangazo ya sabuni. Mama yako alisema redio zinakosea. Miye nikazima redio, sabuni wakaiuze kwingine.

Na kwenye ramani, shimo letu limo?

Munguakonkwa


Bukavu, 17 Machi 2024

Babu,

Nakusalimu, na Mama pia. Nimekuwa na mafua, yanaisha.

Usiwadanganye watu. Hewa ina sababu yake, na mtu akiambiwa sababu ya uongo atatafuta dawa ya uongo. Mwondoe huyo bibi kizee.

Mambo ya redio ni mambo ya ofisi. Ramani bado inazungumzwa. Naomba usiniulize hayo.

Nimekutumia samaki wa ziwani, sambaza kavu. Zile kubwa ni zako, ndogo ni za Mama.

Aksanti


Lac Vert, 5 Aprili 2024

Aksanti mujukuu wangu,

Sambaza zimefika, nimekula kubwa, na ndogo pia, mama yako asijue. Pasaka ilipita vizuri. Angèle wa jirani alileta kuku, akaondoka na mifupa tu.

Leo sina muzaha mwingi, utanisamehe.

Kuna Pasta Ruffin, ana chumba cha maombi karibu na barabara ya Sake, kijana wa sauti kubwa na viatu vyeupe. Alisikia kwamba kwenye shimo letu kuna pepo wa kike mwenye jicho moja. Alisikia wapi, sitasema. Habari zinatembea. Wakafunga kula siku kadhaa, na Jumanne ya baada ya Pasaka, asubuhi, ukungu bado umelala na hakuna hata jani linalotikisika, wakashuka na ngoma yao kumufukuza. Hawakuishia penye hema. Walifika chini kabisa. Na unajua watu wa maombi wanafanya nini wakifika mahali pa vita. Wanapiga magoti.

Wawili walianguka palepale. Wale waliosimama wanapiga ngoma walifikiri ni roho imeshuka, wakaongeza sauti. Ni Apolline alitambua, kwa sababu anajua ng'ombe anavyoanguka akiwa anakufa. Alishuka amefunga mudomo na pua na kitambaa, akamushika mama mumoja, Dancille, kwenye miguu, akamuvuta kama muzigo wa makala ya kupikia. Miye nilikuwa juu. Nilipiga kelele wasimame, wasimame. Ni yote niliyoweza kwa magoti haya. Yule wa pili walimutoa wenzake.

Wote wawili wako hai. Dancille yuko kwenye kituo cha afya, anatapika na kichwa kinamuuma, lakini ameshaanza kugombana na manesi, ni dalili njema.

Sasa usikilize kibaya zaidi. Pasta anasema pepo ni mukali kuliko alivyofikiri, kwa hiyo Jumapili tarehe 14 atarudi na watu wengi zaidi. Nimekimbia kwa chef wa quartier, mukubwa wangu wa kazi, nikamuomba afunge shimo kwa amri, na hema ziondolewe. Akafungua ramani iliyotoka jimboni, nzuri, yenye rangi. Akapita na kidole. Mashimo ya jirani yamo. Letu halimo. Akaniambia, "Muzee, siwezi kufunga shimo ambalo wanasayansi wamesema ni salama."

Ni nani aliyelitoa, muke wangu?

Munguakonkwa


Bukavu, 9 Aprili 2024

Babu yangu,

Nimefurahi Dancille yuko hai.

Uliuliza. Ni mimi, pamoja na wengine.

Mwezi wa kwanza tulipeleka ramani yenye mashimo yote tuliyoyapima, ile ambayo vijana wa rangi waliifuata mpaka kwako. Bwana Carlos, katibu anayetuunganisha na ofisi ya jimbo, alikuja nayo mkononi. Si mtu mbaya. Akasema, "Wanasayansi, mmenichorea surua, madoa kila mahali. Nikifunga mashimo haya yote, watu wake niwaweke wapi? Nipeni yale mabaya zaidi, hayo nitayafunga kweli." Niliona ana haki. Nikafikiri, ramani ndogo inayotiiwa ni bora kuliko kubwa inayowekwa kabatini. Tukaanza kuchagua. Lile la Lac Vert tulikuwa tumelipima mara moja tu, siku ya upepo, na mshale wa mashine haukupanda sana. Mtu akasema, hilo tulitoe. Nilijua ni shimo gani. Nilijua ni la chini ya uwanja wako, na nilikuwa sijapata bado barua yako ya Apolline. Sikusema kitu.

Barua yako ilipofika, ramani ilikuwa tayari imepigwa chapa. Nilipokwisha kukujibu, nilikwenda kwa mwenyekiti nikaomba jina langu liondolewe. Ndiyo sababu redio ilisoma sita. Nikarudi nyumbani nimejiona mtu shujaa. Lakini shimo lilibaki nje ya ramani vilevile, na sasa halikuwa na mtu hata mmoja mezani wa kulisemea. Na sikuwa na kazi nyingi, Babu. Sikuja kwa sababu nisingeweza kumtazama huyo mama usoni.

Komisyo inakutana tena hapa Bukavu Alhamisi tarehe 18. Wakubwa wa Goma wanapenda mikutano ya huku, kwa ajili ya samaki. Nimeomba kurudi kwenye kiti changu na wamekubali, kwa kuwa hakuna mwingine anayejua ile mashine. Nitalirudisha shimo kwenye ramani.

Lakini kabla yake kuna Jumapili ya Pasta. Hilo ni lako. Waambie watu ni nani aliyemzaa bibi kizee. Halafu chukua taa ya mafuta, ifunge kwenye kamba ndefu, uishushe shimoni ukiwa umesimama juu. Moto utazimika pale hewa mbaya inapoanzia. Hapo itakuwa na uso.

Mke wako,
Aksanti


Lac Vert, 16 Aprili 2024

Muke wangu,

Nimeisoma barua yako nje, peke yangu, nikaikunja. Sikuhukumu. Ofisini unanyamaza mara moja tu, halafu unasikia kelele zake mwaka muzima. Miye nimenyamaza kidogo maishani, na bado nimeharibu mengi kwa kusema. Tuko damu moja.

Jumapili walikuja. Watu kama wa harusi, wenye vitenge vya sare, ngoma mbili. Nikasimama kwenye njia ya kushukia, nimevaa koti langu la kuzikia watu. Nikasema, "Bibi wa jicho moja ni mutoto wangu. Nimemuzaa miye, kwa mudomo, mwezi wa tatu. Hakuna pepo hapa. Kuna hewa inaua."

Pasta Ruffin akanitazama kwa huruma. Akawaambia watu wake, "Mumeona? Pepo amemufunga muzee akili."

Watu wakasema amina.

Nilisema ukweli kwa mara ya kwanza mwaka huu, na ndio wakaniombea. Mama mumoja aliniwekea mukono kichwani, akausukuma kabisa. Basi nikamwambia Apolline alete taa. Tukaiwasha mbele yao, nikaishusha kwa kamba. Ikapita hema, inawaka. Ikashuka, inawaka. Karibu na chini, puu, imezimika. Nikaivuta, tukaiwasha, nikaishusha. Palepale, imezimika. Ngoma zikanyamaza.

Pasta akasema, "Ni yeye. Anakula moto."

Sasa nikaona nikibishana na huyu kijana tutafika Pentekoste. Nikamuuliza, "Pasta, huyu pepo wako, moto anaukulia wapi?"

"Pale chini."

"Huku juu hapandi?"

Akatazama taa. "Leo hapandi."

"Na Mungu wako, sauti yake inafika kule chini, ama lazima mumupelekee kwa miguu?"

Ruffin ni kijana wa sauti, lakini mujinga si yeye. Aliinua mukono juu. Halafu akatangaza kwamba Roho amemwonyesha waombe wakiwa wamesimama ukingoni, na mutu asishuke hata hatua moja. Akaweka vijana wake wa protokole, walinzi wa kanisa wenye kitambaa cheupe begani, kuzunguka shimo. Wanabadilishana zamu mpaka leo. Hata paka hapiti. Kopo la rangi halikuweza hivyo. Kwa hiyo watu wanamwogopa bibi ambaye nimemukana, na wako salama kwa sababu ambayo si ya kweli. Utaniambia sayansi inasema nini juu ya hilo.

Lakini protokole wanazuia wanaoshuka chini. Wanaolala ubavuni, wanapita kila siku kwenda kwenye hema zao. Apolline nilimwambia, "Umeona taa?" Akasema, "Nimeiona. Ilizimika chini yetu."

Na mvula sasa haiulizi njia tena.

Sema kwa nguvu Alhamisi.

Munguakonkwa


Bukavu, 19 Aprili 2024

Mume wangu mpendwa,

Naandika haraka, Fabiola anangoja na kikapu chake. Sisi sote wazima. Mama ameniandikia, anajua kuhusu sambaza.

Shimo limerudi kwenye ramani. Niliwasomea barua yako ya Pasaka, ile ya Dancille, neno kwa neno, nikaruka tu sehemu ya kuku. Nikawaambia tulipima siku moja ya upepo na tukaiita salama, na jina langu liandikwe chini ya kosa hilo kama litakavyoandikwa chini ya sahihisho. Hakuna aliyebisha. Nikaomba pia msalaba mwekundu ufutwe kila mahali. Watachora mguu wa mtu, umepakwa rangi ya buluu mpaka gotini, kuonyesha hewa mbaya inavyolala chini.

Halafu Bwana Carlos akauliza lile swali lake. Hajaliacha, na hakosei kuliuliza. "Familia sita hizi, Mademoiselle, unanishauri nini? Usinishauri waondoke. Nishauri waende wapi."

Nami nikajibu kwamba juu ya shimo kuna uwanja mkubwa, una hewa nzuri, na mwenye uwanja ni chef wa avenue, mtu wa moyo mpana, ameshanipa ruhusa.

Hukunipa, najua. Carlos aliandika kwa kalamu yake palepale, na amri imeondoka na bwato la jioni. Watahamishwa Jumatatu. Nimeomba jimbo lilete mchanga wa kufunika mawe, wamesema watajaribu, usiwangoje.

Nimekuandikia mapema ili upate nafasi ya kukasirika kabla hawajafika.

Mke wako anayekupenda,
Aksanti


Lac Vert, 24 Aprili 2024

Aksanti, mwizi wa viwanja,

Barua yako imefika Jumanne. Watu walifika Jumatatu.

Nilikuwa nimevaa taulo. Naona lori la jimbo, naona vijana na amri yenye muhuri, naona Apolline mbele yao na sufuria kichwani. Anasema, "Papa Chef, sikujua kama una moyo hivi." Na miye pia sikujua. Nikauliza nani amesema. Wakanionyesha karatasi: kwa ridhaa kamili ya mwenye uwanja. Nilipiga hesabu ya kukataa, nikaona niko na taulo tu na jina lako liko pale juu. Nikasema, ndiyo, ni kweli, mumechelewa hata.

Nguruwe nimewapeleka Mapendo kwa mama yako, juu ya chukudu, ile ya mbao ya kusukuma. Anapiga kelele kuliko wao.

Muchanga haujafika. Tumeponda mawe madogo kwa nyundo, tukatandaza majani ya migomba, na bado ni kama kulala juu ya ugomvi. Watoto watatu wa Apolline wako ndani kwangu, kwenye kitanda changu. Miye niko kwenye kiti. Usimwambie mutu, wataniletea wengine.

Usiku wa jana mvula ilinyesha sana. Leo asubuhi hakukuwa na upepo hata kidogo. Nilichukua taa, nikapita kati ya vijana wa Pasta, nikaishusha kwa kamba. Haikufika chini. Ilizimika pale kwenye ubavu, pale nyasi bado zimelala kwa alama ya hema. Ilizimika penye mafiga ya Apolline.

Niliivuta juu, nikaenda kunywa chai. Apolline alikuwa ananingoja, ananinunia. Alisema mawe yangu yamemuvunja mugongo, na kule chini walilala vizuri, na wanasayansi wa jimbo wangeambiwa wao walale hapa siku moja. Nikamwambia ana haki. Aliendelea mpaka chai ikapoa. Nilimwacha aseme.

Munguakonkwa